Chuma, Plastiki au Resini? Visanamu vya Watu Tusiowajua Majina

Leo hatuongelei msanii gani kaachana na nani, hayo yapo na hayaishi. Leo nawapeleka nyumbani kwetu Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, halafu tunarudi mezani kwangu geto, maana hapo mezani kuna kesi imenikalisha macho miezi kadhaa.

Mezani nina meli moja yenye urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Pembeni yake nina watu arobaini, kila mmoja ana kimo cha milimita 28, yaani ukimsimamisha hazidi sana kiungo cha juu cha kidole gumba. Hii ndiyo hobi yangu. Wengine wanabeti, mimi natengeneza visanamu. Washkaji wananicheka kwamba mtu mzima anacheza na midoli. Sawa, nimekubali.

Kesi yenyewe ni hii: hawa watu niwatengeneze kwa kitu gani? Metali, plastiki au resini? Unaweza kuona ni swali la fundi tu, swali la bei na gundi. Na mimi nilidhani hivyo. Kumbe nilipoanza kufuatilia, nikagundua hilo swali ndilo limeamua kwa miaka zaidi ya mia nani akumbukwe na nani asahaulike. Kaa nami, usiondoke.

MELI ILIYOTEMBEA KWA MIGUU

Tuanze na meli. Ukisoma historia ya ziwa letu utakutana na jina Hermann von Wissmann. Huyo alikuwa Mjerumani, mwanajeshi, mwishowe akawa gavana wa koloni lao la Afrika Mashariki. Wajerumani wakatengeneza meli ya mvuke wakaipa jina lake. Meli ilichongwa kwao Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa, ikaja mpaka mdomo wa mto Zambezi, ikapanda mto ule, ikaingia mto Shire. Sasa Shire una maporomoko katikati. Meli haipiti hapo, hata mtumbwi haupiti. Ikabidi vipande vibebwe nchi kavu mpaka juu ya maporomoko, mahali panaitwa Mpimbi, ndipo vikaunganishwa. Mwaka 1893 meli ikaingia majini, ikaelea mpaka kaskazini mwa ziwa, kwenye kituo chao walichokiita Langenburg, huku huku kwetu chini ya milima ya Livingstone. Baadaye makao yao yakahamia mlimani, Langenburg Mpya, ambayo wewe unaijua kama Tukuyu.

Sasa nikuulize. Vipande vibebwe na nani?

Wapagazi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi enzi hizo ulikuwa kama kilo 25 hadi 30, kichwani au begani, kutwa nzima. Vile vipande vizito visivyobebeka na mtu mmoja, watu wengi walivikokota kwa pamoja. Yaani ile meli kabla haijaelea, ilitembea kwanza, na miguu iliyoitembeza ilikuwa ya watu. Jina la meli tunalijua. Jina la hata mpagazi mmoja, mimi nimetafuta mpaka bando limekata, sijalipata.

Sasa songa mbele mpaka 1914. Tarehe 13 Agosti, vita kuu ya kwanza ina siku chache tu tangu ianze Ulaya. Hermann von Wissmann ipo Sphinxhaven, leo ni Liuli upande wa Ruvuma, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Inatokea meli ya Waingereza, Guendolen, nahodha wake anaitwa Rhoades. Inapiga mzinga, meli ya Mjerumani inaharibika. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, anaruka kwenye mtumbwi na hasira zake anamfuata mwenzake, kwa sababu hawa wawili walikuwa washkaji wa kunywa pamoja na jamaa alikuwa hata hajapata taarifa kwamba nchi zao zinapigana. Akakamatwa. Wengi wanaihesabu hiyo kuwa ndiyo mapambano ya kwanza ya majini ya vita ile. Ziwa letu hilo.

Stori tamu, si ndiyo? Inasimuliwa kila mahali kama kichekesho. Manahodha wawili wana majina. Waliochochea moto wa mashine, waliovuta kamba, waliosimama pwani wakiona vumbi linaruka, hao hawana. Na kichekesho kiliisha haraka. Septemba hiyo hiyo Wajerumani wakavuka mto Songwe wakaenda kupigana Karonga. Mwaka 1916 Waingereza wakapanda kuja kuchukua Tukuyu. Barabara hazikuwepo, ng'ombe na punda walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo risasi, unga na dawa vyote vilipanda vichwani mwa watu. Ng'ambo ya Songwe waliwaita tengatenga. Kwa upande wa Waingereza peke yake, katika vita nzima ya Afrika Mashariki, wanahistoria wanahesabu wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa ni karibu laki moja, wengi kwa njaa na magonjwa, siyo kwa bunduki.

Ndiyo maana nikasema basi, nitatengeneza ile meli ikiwa vipande, na watu chini yake. Kazi ikaanzia hapo.

METALI: KITU CHA WAKUBWA

Mwaka 1893 huo huo ambao meli yetu inaingia majini, kule London kuna familia ya watengeneza midoli inaitwa Britain. Hao waligundua namna ya kumimina risasi iliyoyeyuka kwenye kalibu halafu kuimwaga ile ya katikati kabla haijaganda. Kinachobaki ni mwanajeshi mwenye uwazi ndani. Risasi inatumika kidogo, bei inashuka, na watoto wa Ulaya wanajaa vikosi vizima chini ya vitanda. Miaka 20 baadaye, mwaka 1913, mwandishi H. G. Wells akatoa kitabu cha kufundisha watu kupigana vita sakafuni kwa visanamu hivyo. Mwaka uliofuata vita ikaja ya kweli.

Metali ina utamu wake, siwezi kukataa. Kisanamu cha metali ukikishika unakisikia mkononi, kina uzito. Kikianguka kinapinda, hakivunjiki, unakinyoosha. Rangi inashika ukiipaka ya msingi kwanza. Ubaya ni kwamba hakisamehi gundi hafifu: mkono mzito ukiubandika kwa gundi tu unadondoka, mpaka utoboe na kuingiza waya.

Na kuna ubaya mkubwa kuliko huo, nausema kwa herufi za jasho langu. Mara ya kwanza niliyeyusha risasi za nyavu, zile za kuzamishia, kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa. Risasi inayeyuka nyuzi 327 tu, jiko la mkaa linafika bila shida. Nilijiona fundi kinoma. Dada mmoja mtaani anayefanya kazi zahanati akapita, akaniuliza kama wale watoto wanaonizunguka nawapenda. Nikajibu ndiyo. Akaniambia risasi ni sumu, vumbi lake linaingia mwilini na halitoki kirahisi, na inaharibu akili za watoto. Nilizima jiko hapo hapo. Uingereza kwenyewe waliacha kutengeneza wanajeshi wa risasi mwaka 1966 kwa sababu ya sheria za usalama wa watoto. Siku hizi wenye kujali wanatumia mchanganyiko wa bati usio na risasi. Kwa hiyo dogo unayesoma hapa, usiyeyushe betri ya gari, usiyeyushe risasi za nyavu. Na ile waya ya kuchomelea redio nayo nyingi ina risasi ndani, soma kwanza.

Sasa turudi kwenye historia. Angalia metali imetumika kwa nani. Huyo huyo Wissmann alitengenezewa sanamu kubwa ya shaba, Wajerumani wakaisimamisha Dar es Salaam. Yeye yuko juu, chini yake kuna askari Mwafrika anamtazama kwa juu. Mwenye jina juu, asiye na jina chini. Waingereza walipoichukua Dar wakaiondoa, ikaishia Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha. Dar ikapata sanamu nyingine mwaka 1927, na hiyo unaijua, umepita pale Posta mara mia ukiwahi daladala: Sanamu ya Askari. Hapo angalau asiye na jina amepanda juu. Maandishi ya pale chini yanawakumbuka na wapagazi. Lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Nairobi wana sanamu tatu za aina hiyo, na mmoja kati ya wale watatu ni mpagazi. Sisi wa kwetu bado hajapanda juu.

PLASTIKI: KITU CHA WENGI, ILA WENGI GANI?

Baada ya vita ya pili plastiki ikaingia kwa kasi. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1939, na mwaka 1952 ikaanza kuuza meli ndogo ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe, Golden Hind. Baadaye wakaja na wanajeshi wadogo kwa makumi ndani ya boksi moja la bei ya chini. Hobi ikatoka kwa watoto wa matajiri ikaenda kwa kila mtu.

Kiufundi plastiki ngumu ya visanamu, polistirini, ni rahisi kuliko zote. Ni nyepesi, unaikata kwa wembe, na gundi yake inayeyusha pande zote mbili zikawa kitu kimoja. Mimi kwa kukosa nikakata madumu ya mafuta ya kupikia. Wadau, msijaribu. Dumu ni plastiki ya aina nyingine kabisa. Gundi haishiki, rangi ukipaka leo kesho inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua la Matema. Hata wale wanajeshi laini wa Airfix walisifika kwa tabia hiyo hiyo ya kubanduka rangi.

Lakini siri ya plastiki ni kalibu. Ili kusukuma plastiki ya moto kwa nguvu unahitaji kalibu la chuma kigumu lililochongwa kwa mashine, na kalibu hilo ni ghali mno. Likishakuwepo, kila kisanamu kinagharimu karibu na bure. Maana yake nini? Maana yake kiwanda hakitachonga kalibu mpaka kiwe na uhakika kwamba kitauza maelfu kwa maelfu. Na maelfu wananunua nini? Wanajeshi wa Ujerumani, wa Uingereza, wa Marekani, vifaru, ndege. Hakuna tajiri wa kiwanda atakayekaa asubuhi akasema leo natoa mamilioni nichonge mpagazi wa mto Shire.

Kwa hiyo plastiki ni ya wengi, kweli, ila ni ya wengi wanaonunua. Wengi waliobeba hawamo.

RESINI: KITU CHA WACHACHE WASIO NA MTAJI

Hapo ndipo nikaangukia kwenye resini. Kwa wasioijua, ni maji maji mawili unayachanganya kwa kipimo, yanaganda yenyewe bila moto. Ile gundi ya mirija miwili inayouzwa maduka ya vifaa ni ndugu yake. Unachonga mfano mmoja, unaumwagia silikoni juu, ikiganda unautoa, tayari una kalibu. Halihitaji kiwanda, linahitaji meza. Kalibu la silikoni halidumu, baada ya kumimina mara kadhaa linaanza kuchanika, ila kwa mtu anayetaka visanamu thelathini au arobaini linatosha kabisa.

Faida yake: inashika kila mkunjo, hata mshono wa nguo unaonekana. Hasara zake nazo zipo. Ni kavu, kisanamu kikidondoka sakafuni mkono unakatika. Kitu chembamba kama mkuki au kasia kikikaa juani kinapinda, na unakinyoosha kwa maji ya moto. Unatakiwa ukioshe kwa sabuni kabla ya rangi, la sivyo haishiki. Vumbi lake ukipiga msasa si la kuvuta, vaa barakoa na mwagia maji. Zile za printa ya 3D zikiwa bado majimaji ndiyo usiziguse kabisa bila glavu. Na kuna jambo ambalo video za Wazungu hazikuambii: zipo resini ambazo zikikutana na unyevu zinafura povu. Sasa mimi niko Kyela, masika mvua inanyesha mpaka vyura wanachoka. Kundi langu la kwanza lilitoka na mapovu usoni kama wameugua ndui. Nikajifunza kumimina siku kavu, mchana, chupa zimefungwa vizuri.

Basi nikachonga mpagazi mmoja. Nilimchonga kwa wiki mbili. Mgongo umeinama kidogo, mkono mmoja umeshika mzigo kichwani, mguu mmoja mbele. Nikatengeneza kalibu, nikamimina arobaini. Nikawapanga mstari mrefu nyuma ya meli. Nikapiga picha, nikaposti, mkanipa likes zenu. Nilijiona nimemaliza kazi.

BIBI AKAUA MCHEZO

Nikampelekea bibi yangu aone. Bibi macho bado yanaona mbali kuliko karibu, kwa hiyo alichukua muda. Alimshika mmoja, akamrudisha. Akamshika mwingine, akamrudisha. Akamshika wa tatu. Halafu akaniuliza, "Mjukuu wangu, hawa wote ni mapacha?"

Nikacheka, nikamwelezea habari ya kalibu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema babu yake mzaa mama alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita ya Wajerumani, akarudi kwao akiwa na bega moja limeshuka, na alikuwa mfupi, na watoto walimcheka kwa namna alivyotembea. "Wewe umemweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Mstari wangu wote ulikuwa na mtu mmoja aliyerudiwa mara arobaini. Nilikuwa nimewafanyia kile kile walichofanyiwa na makarani wa enzi zile: namba. Yaani nimechagua metali nikaacha, nimechagua plastiki nikaacha, nimefika kwenye resini nikajiona mtetezi wa wanyonge, halafu nimetoa kopi.

Bibi akaniambia tu, "Ndaga, mwanangu, umefanya kazi. Sasa nenda kawatofautishe."

UDONGO WA IKOMBE

Jumamosi moja nikaenda Matema, kwenye soko la vyungu pale Lyulilo. Kama hujawahi kufika, akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe na vijiji vya pembeni wanaleta vyungu kwa mitumbwi, wanavipanga ufukweni. Mama wa Kikisi hatumii kalibu. Anaanza na bonge la udongo juu ya kigae, anakizungusha kwa mkono, anauvuta udongo juu mpaka unakuwa chungu. Vyungu hivi vinafika Mbeya, vinafika Dar, unaviona majumbani kwa watu, na hakuna hata kimoja chenye jina la aliyekifinyanga.

Nilikaa karibu na mama mmoja nikamuuliza anatambuaje vyungu vyake vikichanganyika na vya wenzake. Akanitazama kama nimeuliza anatambuaje watoto wake. Akanyoosha kidole: hiki changu, kile cha dada yangu, hiki cha yule pale. Mimi niliona vyungu vitatu vinavyofanana. Yeye aliona watu watatu.

Nikanunua chungu kidogo na nikaomba bonge la udongo. Akanipa bure, akacheka niliposema naenda kutengeneza watu.

JIBU LANGU

Kwa hiyo wadau, mkiniuliza kipi bora, nitawajibu hivi. Kama unataka kitu kizito cha kukaa miaka, kitu kimoja, chukua metali isiyo na risasi. Meli yangu nimeibakiza bati, nimekata makopo ya maziwa, kwa sababu meli yenyewe ilikuwa chuma na ninataka ionekane nzito. Kama unaanza hobi, una hela ya boksi moja na unataka kujifunza kuunganisha na kupaka rangi, chukua plastiki ya kweli ya visanamu, acha madumu. Kama unataka kutengeneza kitu ambacho hakuna kiwanda kitakachokitengeneza, chukua resini, lakini usiwe mvivu wa kalibu.

Wapagazi wangu nimewaanza upya. Nafinyanga kila mmoja kwa udongo kwanza, uso wake, bega lake, namna yake ya kukanyaga, halafu namimina kwa resini mara moja tu na kalibu nalivunja. Ni upotevu wa silikoni, najua, na mfuko unalia. Mpaka leo nina 11. Wa tatu kutoka mbele ni mfupi, na bega lake la kushoto limeshuka. Bibi alimshika huyo muda mrefu, akamweka dirishani kwake. Hajamrudisha mpaka sasa na mimi sijamdai.

Wamebaki 29, na mimi nyuso zimeniishia. Kwa hiyo naomba msaada wenu. Kama kwenu kuna stori ya babu au bibi aliyebeba mizigo, iwe Kyela, Rungwe, Karonga ng'ambo, Songea, popote, dondosha kwenye komenti alikuwaje: mrefu, mfupi, alichechemea, alipenda kucheka, chochote. Jina kama unalo weka, kama huna siyo tatizo. Mimi nitamfinyanga.